Aliyekugonga hana bima? Kesi haijaisha

Binamu yangu alikuwa amebebwa na boda pale Free Area, Nakuru, gari ya Probox ikawaingilia kutoka kando, mguu ukavunjika mara mbili. Stika ya bima kwa kioo ilikuwa imeisha wiki tatu nyuma. Plasta haijatolewa na watu washamwambia asahau, gari haina bima, nani atakulipa?

Hiyo dhana inaniuma sana. Deni ni la aliyekugonga, bima ni mfuko tu wa kulipia, mfuko ukikosekana yeye bado anadaiwa. Unashtaki dereva na pia mwenye gari kama dereva alikuwa kwa kazi ya huyo mwenye gari, rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zinaonyesha gari imeandikishwa kwa jina la nani, na ukishinda akatae kulipa, korti inaweza kutuma dalali akamate mali yake, hata hiyo Probox yenyewe. Dereva wengi hawana kitu, ndio maana mwenye gari asiachwe nje.

Ati dereva alipigwa faini kwa hivyo mambo yaliisha? Faini ni ya serikali, wewe huoni hata shilingi. Lakini tafuta nakala ya hiyo hukumu ya trafiki, kwa kesi yako ya fidia itakusaidia sana.

Hata kama bima iko, usidhani kampuni italipa chochote korti itasema. Kwa Cap 405, sheria ya Kenya ya bima ya magari, mwisho ni shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja, ukipewa milioni 4 hiyo moja unamdai mwenye gari mwenyewe. Na thadi pati ya lazima, ile bima ya kulipa watu wengine walioumizwa na gari, ni ya kuumia na kifo, bampa yako itategemea mkataba wao umeandikwa vipi.

Kinachomaliza watu wetu ni kale kakaratasi. Binamu aliletewa kake wodini, ukurasa umeng'olewa kwa daftari ya shule, "nimepokea 15,000 na sitadai tena", kalamu imeshafunguliwa anapewa mkononi. Wanasema ni pesa ya dawa tu. Ukishasaini, wakili wao atakatoa kortini siku hiyo hiyo unayoeleza maumivu yako. Alikataa, na nashukuru Mungu kwa sababu baadaye mguu uliwekwa vyuma.

Halafu hii ya "nitashtaki nikipona kabisa". Sheria inakupa miaka 3 kutoka siku ya ajali, upone usipone. Yeye alifungua kesi ikiwa imebaki miezi 4. Bado anachechemea, na mwenye Probox analipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.