Mabadiliko madogo yanayofanya mafua yawe makali

Aprili 1983, kuku wa Pennsylvania, Marekani, waliingiwa na mafua ya aina ya H5N2. Walikohoa, mayai yakapungua, vifo havikuwa vya kutisha. Ilipofika Oktoba, uzao wa kirusi kilekile ukaanza kufagia mabanda, mengine yakipoteza zaidi ya asilimia 80 ya kuku. Hadi mlipuko unazimwa, ndege wapatao milioni 17 walikuwa wamekufa au kuteketezwa.

Kazi yangu ni kusoma vinasaba vya virusi, na sioni mfano bora kuliko huu. Kirusi cha mafua hunakili RNA yake, yaani vinasaba vyake, bila kuhakiki, kwa hiyo kila kizazi kina makosa. Mengi hayana maana, mengine hukiua chenyewe. Machache huangukia mahali pabaya kwetu.

Mahali pa kwanza ni hemaglutinini (ndiyo H ya H5N2), protini inayokishikisha kirusi kwenye seli. Haifanyi kazi mpaka ikatwe na kimeng'enya cha mwenyeji. Kwa kawaida sehemu ya kukatwa ina arginini moja tu, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na vimeng'enya vinavyoitambua vipo kwenye njia ya hewa na utumbo. Maradhi huishia hapo. Zikirundikana arginini na lisini (asidi amino nyingine) kadhaa, kimeng'enya kiitwacho furini nacho kinaweza kukata, na furini imo karibu katika kila seli ya mwili. Hapo kirusi huingia damuni, moyoni, kwenye ubongo. Upanga na ndevu za kuku hugeuka bluu, na siku mbili zinatosha kummaliza.

Ajabu ya Pennsylvania ni kwamba kirusi cha Aprili kilikuwa tayari na lisini hizo. Kilichokizuia ni mnyororo wa sukari uliofunika sehemu ya kukatwa. Asidi amino moja ikabadilika, sukari ikakosa pa kushikia, furini ikapata njia. Leo kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zinaturuhusu kukiita kirusi cha H5 au H7 kuwa kikali kwa kusoma sehemu hiyo tu, bila kungoja kuku wafe. Naona ni kanuni ya busara sana.

Kwa mamalia hadithi ina sura nyingine. Hong Kong, 1997, H5N1 iliambukiza watu 18, na 6 wakafariki. Virusi vyote vilikuwa na hemaglutinini kali, lakini katika panya wa maabara vingine viliua na vingine havikuua. Tofauti ilipatikana katika protini ya kunakili, PB2, nafasi ya 627: badala ya asidi ya glutamiki kulikuwa na lisini. Kimeng'enya cha kunakili, ambacho PB2 ni sehemu yake, hutegemea protini ya mwenyeji iitwayo ANP32A, na ya kuku ni ndefu kuliko yetu. Lisini hiyo hukiwezesha kirusi cha ndege kutumia ile yetu fupi.

Hata hivyo, nafasi ya 627 isikuteke. Kirusi cha H1N1 kilichoenea dunia nzima mwaka 2009 hakikuwa na lisini hapo. Kilifidia kwa mabadiliko ya nafasi za 590 na 591. Kwa hiyo nikiletewa mfuatano wa PB2 naanza na 627, napita 701, nafasi nyingine ya namna hiyo, narudi 590 na 591, ndipo nafungua vipande saba vilivyobaki vya vinasaba vya kirusi.