Bundi wa Pemba si uchuro: yanayosemwa kuhusu safari za kutazama ndege

“Zimeni tochi, jamani, na mtu asiseme.” Ilikuwa saa moja na nusu usiku, ndani ya msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa Pemba. Tulikuwa watu saba na mwongozaji wetu, kijana wa vijiji vya jirani. Kiza cha Ngezi ni kizito, kwani mivule imefunga juu na mipapindi, jamii ya minazi, imejaza chini. Tukasimama. Nilikuwa nikisikia mapigo ya moyo wangu. Kisha juu kabisa ikatoka sauti moja fupi, ya chini: hu. Kimya. Hu.

Mama mmoja wa Unguja aliyekuwa nyuma yangu alinishika mkono. “Astaghfirullah, tuondokeni hapa.”

“Usiogope, bi mkubwa,” kijana akamjibu kwa sauti ndogo. “Huyu jirani yetu. Usiku kucha yupo, na sisi tupo.”

“Bundi akilia, kuna mtu atakufa”

Nimekua na maneno haya, na sitamcheka anayeyaamini, maana niliyapokea kwa watu niliowaheshimu. Lakini bundi huyu anasingiziwa. Ni mdogo, urefu wake hauzidi shubiri moja ya mkono wa mtu mzima, macho yake manjano, na chakula chake kikubwa ni wadudu. Wako wa rangi ya kahawia na wako wekundu kama kutu. Analia kumwita mwenziwe na kulinda eneo lake. Ukitega sikio vizuri utasikia dume na jike wakijibizana, sauti ya mmoja ikiwa juu kidogo kuliko ya mwingine.

Uchuro ulitoka wapi? Naamini ni kwa sababu bundi hutaka miti mikubwa yenye majani mazito, na kwetu miti ya namna hiyo ilisalimika makaburini na kwenye mizimu, ambako watu waliona haya kuikata. Watu wakawa wanamsikia pale pale walipozika. Kumbe yeye alikuwa akitafuta pa kulala tu.

Na duniani kote hayupo ila Pemba. Hayupo Unguja wala Tanga. Katika vitabu vya sayansi aliandikwa mwaka 1937 na Pakenham, afisa wa serikali ya kikoloni ya Zanzibar. Ndiyo maana husemwa kwamba yeye ndiye “aliyemgundua”, na hiyo nayo ni dhana potofu. Wapemba walikuwa wakimsikia tangu kale. Pakenham alimpa jina la kitaalamu tu.

Anaishi msituni, na anaishi pia kwenye mashamba ya mikarafuu iliyozeeka na kushonana. Kwa hiyo mkarafuu mkongwe unapokatwa kwa kuni, si karafuu peke yake zinazopotea.

“Pemba na Unguja ni mamoja, ndege ni wale wale”

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiyo sababu yenyewe ya watu kupanda boti kuja Pemba.

Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi. Zama za barafu, bahari ilipokuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Wanyama na ndege walipita kwa miguu na kwa mbawa bila kizuizi. Pemba iko kilomita 50 hivi kutoka bara, na bahari katikati inazama hadi mita 800. Maji yale hayakukauka hata barafu ilipokuwa kubwa kabisa. Ndege waliofika Pemba walibaki peke yao, wakazaana wenyewe kwa wenyewe kwa muda mrefu mno, hadi wakawa watu wengine.

Leo Pemba ina ndege wanne wasiopatikana popote pengine: bundi huyu, ninga wa Pemba (njiwa wa kijani), chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Unguja, pamoja na ukubwa wake wote, haina hata mmoja wa namna hiyo. Bundi na ninga wamo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ya viumbe wanaotishiwa kutoweka.

“Tukiwa wengi tutaona zaidi”

Hapana. Njia za Ngezi ni nyembamba, mnakwenda mmoja nyuma ya mwingine. Wa kwanza anamwona ndege, wa tatu anaona jani likitikisika, wa kumi anaona mgongo wa wa tisa. Sita au saba wanatosha. Faida ya kundi si wingi wa macho. Faida yake ni kwamba mmoja anajua sauti, mwingine ana subira, na wote mna mwongozaji mmoja wa kumsikiliza. Mwongozaji wetu alitaja ndege kwa masikio kabla yeyote kati yetu hajainua kichwa.

“Kumpigia sauti yake kwenye simu hakumdhuru”

Hili limeenea sana, na limenikera zaidi ya yote. Ukimpigia ndege sauti ya mwenziwe, anadhani amevamiwa. Anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na adui asiyekuwepo. Mara moja huenda akastahimili. Lakini kila kundi likija na simu yake, usiku baada ya usiku, kwenye mti ule ule? Kwa ndege ambaye dunia yake yote ni kisiwa kimoja, huo ni udhia mkubwa. Mwongozaji akikataa kupiga sauti, msimlaumu kwamba hajui kazi. Anaijua.

“Bila darubini ya bei kubwa usiende”

Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha kabisa, na mbili kwa watu saba zinazungushwa. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kipana huingiza mwanga zaidi kwenye kivuli cha msitu. Inayokuza sana hutikisika mkononi. Kilicho muhimu kuliko darubini ni kuamka. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi msitu una maneno, na jua likishapanda ndege wananyamaza. Nguo iwe ya rangi iliyofifia.

“Tumbusi hula mizoga, na popo ni ndege”

Tumbusi mweupe na mweusi mtakayemwona Pemba anapenda tunda la mchikichi kuliko nyama. Na popo mkubwa wa Pemba, anayelala mamia kwa mamia juu ya miti ya Kidike, ni mnyama anayenyonyesha, hata kama kila kundi la watazamaji ndege hupitishwa kumwona. Inafaa kupitishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki wachache wa kuhesabika kwa sababu ya kuwindwa. Wanavijiji wakaamua kuwalinda, na sasa ni maelfu.

“Ndege wa maana wako msituni tu”

Asubuhi yake tulikuwa tukinywa chai ya mkandaa kwenye nyumba ya wageni, na yule mama wa Unguja amekaa kuelekea uani. Kwenye mgomba, ua jekundu lilikuwa limefunua ganda moja. Chozi dume akaja, mdogo kuliko kidole gumba na cha pili vikiunganishwa, akaning'inia kichwa chini, akachoma mdomo uliopinda ndani ya ua. Jua lilipompiga, mgongo ukawaka kijani na kifua zambarau. Alipogeuka kwenye kivuli akawa mweusi tu. Kwenye mpera wa jirani vinengenenge wa manjano, mduara mweupe kuzunguka jicho, walikuwa wakipekua majani huku wakilia kwa sauti nyembamba.

Mama aliweka kikombe chini, akahesabu kwa vidole. “Chozi. Kinengenenge. Na yule wa jana usiku.” Akasita kidogo. “Yule bundi wetu.” Kisha akamgeukia kijana: “Bado ninga. Tunatoka saa ngapi?”