Husuni Ndogo ya Kilwa: Ngome Isiyo na Hati

Mgeni wa Kilwa Kisiwani hupelekwa kwanza Husuni Kubwa, na inastahili, kwa kuwa jumba lile lililo juu ya jabali, lenye birika la pembe nane na ngazi za kushukia ufukweni, halina mfano katika pwani yetu. Mimi huvuka korongo nikaenda Husuni Ndogo, kwa maana ndiyo inayomlazimu mwanaakiolojia kusoma jengo lisiloachiwa maandishi.

Husuni Kubwa ina jiwe lililofukuliwa pale, lenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alimkuta akitawala mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu. Jumba lake hakulieleza, bali alisema mji umejengwa kwa mbao. Husuni Ndogo haina hata jiwe la namna hiyo.

Ina ukuta. Ni ua wa mstatili uliozungushiwa ukuta mnene, wenye minara inayochomoza nje pembeni na ubavuni. Ukiusogelea unaona vipande vya matumbawe visivyochongwa, vimeshikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo.

Neno husuni, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni ngome, lakini jina pekee halithibitishi kitu: Husuni Kubwa nayo huitwa hivyo, ilhali ilikuwa makazi ya kifalme na ghala za biashara. Mreno João de Barros, katika kitabu chake cha mwaka 1552, anasimulia kwamba sultani wa kale aliyemwita Soleiman Hacen alijenga Kilwa ngome ya mawe na chokaa, yenye kuta na minara. Wazo la kuyaunganisha maneno hayo na ukuta huu linavutia mno, nami nalikataa, kwa sababu Barros alitegemea tarikhi ya watu wa Kilwa na hakuonyesha mahali ngome iliposimama.

Ramani ya jengo ina uzito kuliko simulizi hilo. Ua wenye minara ya namna hii ni mgeni katika ujenzi wa Waswahili, bali unafanana na majumba ya jangwani ya nchi za Kiarabu yaliyoutangulia kwa karne kadhaa. Kwa hiyo naamini aliyeagiza ujenzi alikuwa na sura ya majengo hayo akilini, na waashi waliompa alichotaka walikuwa wa hapahapa, wakitumia matumbawe na chokaa kama walivyozoea.