Drafti ya soka la wanawake Marekani: kilichochaguliwa hakikuwa mchezaji

Juzi mama mmoja wa Arusha alinipigia simu. Binti yake yuko mwaka wa tatu katika chuo kimoja huko Marekani, anacheza beki ya kulia, na mama amesikia kwamba drafti imefutwa. "Sasa mwanangu ataingiaje kwenye ligi kuu, mwalimu? Si ule mlango umefungwa?"

Swali hilo naulizwa mara nyingi. Nilikaa kwenye benchi la ufundi la timu ya wanawake ya chuo huko kwa misimu saba nikiwa kocha msaidizi, na sasa kazi yangu ni kuzishauri familia za Afrika Mashariki zenye mabinti waliopata ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira. Mama yule nilimjibu kwa kifupi, lakini jibu la kifupi halitoshi. Watu wengi walidhani wanaijua drafti kwa sababu waliiona kwenye runinga.

Kwetu neno hili ni ubao na vizibo vya soda chini ya mwembe. Kwa Wamarekani ni siku ya kugawana wahitimu. Msimu wa soka la vyuo huanza Agosti na kumalizika Desemba. Ikifika Januari, klabu zote za NWSL, ligi yao kuu ya wanawake, zilikutana na orodha ya wachezaji waliojiandikisha. Kwa kawaida klabu iliyoshika mkia msimu uliopita ilichagua kwanza, ikafuata ya pili kutoka chini, hadi kufika kwa bingwa. Kisha raundi ya pili, ya tatu na ya nne kwa mtindo huohuo. Drafti ya mwisho, Januari 2024, ilikuwa na klabu 14, kwa hiyo majina 56. Jina linatajwa, binti anapanda jukwaani, anapewa skafu ya klabu, mama yake analia kwa furaha pale alipoketi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo runinga haikuionyesha. Pale jukwaani binti alikuwa hajasajiliwa. Hakuna mkataba uliokuwa umesainiwa, na mara nyingi hata mshahara ulikuwa haujatajwa. Klabu ilichokipata ni haki: haki ya kuwa klabu pekee katika ligi nzima inayoruhusiwa kuzungumza naye. Nyingine zote zilifungiwa mdomo. Asipoutaka mji ule, au kama klabu ina mabeki wanne wa kulia tayari, alikuwa na njia tatu: akubali, aende nje ya nchi, au aombe haki zake ziuzwe kwa klabu nyingine na asubiri kama wataridhia. Fikiria Simba Queens na Yanga Princess wote wanamtaka kiungo mmoja, halafu shirikisho liseme huyu ni wa Yanga, Simba msimpigie simu. Binti atajadiliana na nani? Atasema "wenzenu wananipa zaidi" akimtaja nani?

Haki hizo ziliweza hata kusubiri. Sam Coffey alichaguliwa na Portland Thorns mwaka 2021, nafasi ya 12, na bado akarudi chuoni kwake, Penn State, kucheza msimu mwingine, kwa sababu mwaka ule wa korona vyuo viliongeza muda wa wanamichezo. Portland walikaa wakamngoja. Kwake mambo yalikwenda vizuri sana, akawa kiungo wa timu ya taifa.

Mtindo huu haukuanzia kwenye soka. Ulianza mwaka 1936 katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu. Mmiliki wa Philadelphia Eagles, Bert Bell, alikuwa na timu dhaifu na hakuweza kushindana na matajiri kuwapata vijana wa vyuo, akapendekeza wagawane kwa zamu kuanzia kwa aliye chini. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Bell alisema lengo ni kumwinua mnyonge. Hilo ni kweli, ila kuna nusu ya pili: vijana wakigawanywa hivyo, hakuna anayewagombania, na bei yao haipandi. Kila ninapomsikia mtu akiisifu drafti kwa ajili ya usawa, naingoja hiyo nusu ya pili.

Hata hivyo sitaki kuwaonea walioanzisha ligi hii. Kabla yake zilikuwapo ligi mbili za wanawake, WUSA iliyocheza 2001 hadi 2003 na WPS iliyocheza 2009 hadi 2011, na zote zilikufa baada ya misimu mitatu mitatu. NWSL ilipoanza mwaka 2013 ilianza kwa woga wa mtu aliyezika watoto wawili. Mshahara wa chini ulikuwa dola 6,000 kwa msimu. Wachezaji wengi walilala kwenye vyumba vya familia zilizojitolea kuwapokea. Katika hali hiyo, kugawana wahitimu bila kupandishiana bei kulionekana kama kugawana chakula wakati wa njaa, na klabu ya Chicago ilipomchukua Zakiya Bywaters wa chuo cha UCLA akawa wa kwanza wa ligi mpya, sikumbuki mtu hata mmoja niliyemfahamu aliyelalamika. Tulishukuru tu kwamba kuna ligi.

Ila njaa ikipita, mgao ule huwa na sura nyingine.

Ukitaka kuelewa drafti ilivyomgusa mtu, fuata safari ya Rose Lavelle. Kiungo wa mguu wa kushoto kutoka Cincinnati, amesoma Chuo Kikuu cha Wisconsin, Januari 2017 alikuwa wa kwanza kuchaguliwa. Boston Breakers ndio waliomchukua. Mwaka mmoja baadaye Breakers walifunga milango, klabu nzima ikavunjika, na wachezaji wake wakagawanywa kwa drafti nyingine ya kutawanya mali ya marehemu. Lavelle akaangukia Washington Spirit. Mwaka 2019 alifunga bao katika fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uholanzi, dunia nzima ikamjua. Mwaka 2020 Washington wakaziuza haki zake za ligini kwa OL Reign, huku yeye mwenyewe akielekea Uingereza, Manchester City. Soma tena hapo: mchezaji anakwenda bara jingine, na nyuma yake klabu mbili zinauziana haki ya kuzungumza naye siku atakaporudi. Aliporudi akachezea Reign, kama ilivyoandikwa.

Kisha mkataba wa kwanza wa hali bora kati ya ligi na chama cha wachezaji, wa mwaka 2022, ukaleta utaratibu wa mchezaji mkongwe kuwa huru. Lavelle akajiunga na Gotham FC ya New Jersey na New York kwa msimu wa 2024. Ilikuwa klabu yake ya nne katika hesabu za NWSL, na ya kwanza katika ligi hiyo aliyoichagua mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 28. Novemba 2025 akaifungia bao pekee la fainali na kuipa ubingwa, dhidi ya Washington waliowahi kumuuza. Nilikuwa naangalia usiku wa manane hapa nyumbani, na nakiri niliruka.

Tulinganishe na dada zetu. Februari 2024 Racheal Kundananji wa Zambia alihama kutoka Madrid CFF kwenda Bay FC ya California kwa ada iliyovunja rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo. Klabu zilizungumza, wakala akazungumza, na yeye alikuwa na nafasi ya kusema hapana na kubaki Hispania. Barbra Banda akaja Orlando Pride kutoka China, Temwa Chawinga wa Malawi akaja Kansas City Current na kufunga mabao 20 msimu wake wa kwanza. Mwezi mmoja tu kabla ya Kundananji kusaini, Ally Sentnor, mmoja wa viungo bora kabisa waliopata kulelewa Marekani, alikuwa ukumbini Anaheim akisubiri kuambiwa atahamia mji gani. Ukawa Salt Lake City, Utah Royals. Yeye ndiye wa mwisho katika historia kuwa chaguo la kwanza.

Na hapo ndipo drafti ilipopasukia. Ulaya hawagawani wahitimu. Lindsey Horan aliliona hilo mapema, akakiacha chuo cha North Carolina kilichokuwa kikimngoja na kwenda PSG akiwa na miaka 18, mwaka 2012. Catarina Macario aliiacha Stanford akaenda Lyon mwaka 2021. Kadiri fedha zilivyoongezeka Uingereza na Ufaransa, kila binti mwenye kipaji alikuwa na jibu la kumpa yule mwenye haki zake: nisipoipenda klabu yako, ndege ipo. Huwezi kumfungia mtu mlango mmoja katika nyumba isiyo na kuta.

Agosti 22, 2024 ligi na chama cha wachezaji wakatangaza mkataba mpya wa hali bora unaofika hadi 2030. Drafti ya vyuo ikafutwa, na ile ya kuzichukulia wachezaji klabu za zamani ili kuzipa klabu mpya ikafutwa pia. Mchezaji hawezi tena kubadilishwa kwenda klabu nyingine bila ridhaa yake. Mshahara wa chini ukapangwa kupanda kutoka dola 48,500 mwaka 2025 hadi 82,500 mwaka 2030. NWSL ikawa ligi kubwa ya kwanza Marekani kuitupa drafti. Wanaume wa mpira wa kikapu na ule wa kofia ngumu bado wanayo.

Wanaoililia wanasema usawa utakufa, matajiri watazoa wote. Hoja hiyo naiheshimu, lakini mizani ya ligi haikushikwa na drafti peke yake. Kuna ukomo wa mishahara, na huo haujafutwa. Tazama Gotham: ilishika mkia mwaka 2022, na mwaka 2023 ikawa bingwa. Iliinuka vipi? Siku ya drafti ilitoa haki iliyokuwa nayo ya kuchagua wa pili kwa Kansas City ikamchukua Lynn Williams, mshambuliaji aliyekomaa. Yaani mnyonge aliinuka kwa kuikwepa drafti. Na kanuni za wakati ule hazikumlazimu mtu yeyote kumwuliza Williams kama anataka kuhama.

Kilichopotea ninakijua, na kinaniuma kidogo. Raundi ya nne ilizilazimisha klabu kutafuta mpaka kwenye vyuo vidogo, kwa sababu nafasi ilikuwapo na lazima ijazwe. Niliwahi kukaa na mchezaji wetu chumbani kwake, simu mezani, majina yakisomwa, akiwa na imani kwamba hata la 40 linatosha. Leo hakuna orodha ya kumpa mtu kama yeye imani hiyo. Atapitia majaribio ya kambi ya kabla ya msimu, na majaribio ni mlango mwembamba, ingawa unapitika: Riley Tiernan wa chuo cha Rutgers alikwenda Angel City mwanzoni mwa 2025 bila mkataba, akauchuma kambini, na msimu uleule akawa mfungaji wao wa kutegemewa.

Kwa binti anayetoka kwetu kuna jambo jingine ambalo drafti haikuwahi kulitatua na kufutwa kwake hakujalitatua. Klabu ina nafasi chache za wachezaji wa kigeni. Asiyekuwa raia wala mwenye ukaazi wa kudumu anazila nafasi hizo, hata kama amesoma huko miaka minne na anaongea Kiingereza cha wenyeji. Kwa hiyo beki wa kulia wa Arusha hashindani na Mmarekani wa chuo jirani pekee. Anashindana na Mbrazili na Mjapani wenye mechi za Kombe la Dunia. Visa yake ya mwanafunzi nayo ina mwisho. Haya nawaambia wazazi mapema, kabla ya kupanga sherehe.

Mama wa Arusha nilimwambia mlango haujafungwa, umebadilika mwenye ufunguo. Binti atafute wakala anayeaminika kwa kufuata kanuni za chuo chake, asisaini karatasi yoyote ya klabu kabla hajamaliza kuchezea chuo, na klabu ikimpigia aulize: beki wenu wa kulia wa sasa ana mkataba hadi lini? Mmebakiwa na nafasi ngapi za wageni? Nani atashughulikia visa, na kwa gharama ya nani? Nikija Januari, muhula wangu wa mwisho nitaumalizia wapi? Na kocha aliyenipenda mwenyewe, mkataba wake unaisha lini?

Siku mbili baadaye binti mwenyewe alinitumia ujumbe. Alikuwa ameyaandika yote, akaongeza la kwake ambalo sikulifikiria, kwa sababu aliwahi kufanyiwa upasuaji wa goti: uwanja wa mazoezi ni nyasi za kweli au za bandia?