Kufunga nimfu ya mkia wa fezanti kwa trauti wa machipuko

Mwaka unapoanza, meza zetu hapa Nairobi hujaa oda za nimfu, chambo bandia kinachofungwa kwa mkono kwenye ndoano. Nyingi zinakwenda Uingereza, ambako mito mingi hufunguliwa kwa uvuvi wa trauti, samaki wa maji baridi, Machi au Aprili. Maji wakati huo bado ni baridi sana. Samaki hajishughulishi kupanda juu. Amelala karibu na sakafu ya mto akingoja mkondo umletee chakula. Chambo cha kuelea hupata saa chache tu za mchana. Nimfu inavua kutwa.

Nimfu huiga mdudu wa majini ambaye hajaota mabawa. Mapema katika machipuko, anayeigwa zaidi kule ni Baetis rhodani, mdudu wa rangi ya zeituni iliyokolea. Anang'ang'ania mawe, na akiachia huogelea kwa mikupuo mifupi, miguu ameibana mwilini. Frank Sawyer, aliyekuwa mtunza mto Avon kule Wiltshire, alimchunguza vizuri, na ndiyo maana nimfu aliyoibuni haina mguu hata mmoja. Nikiona nimfu ya aina hii imewekwa manyoya yaliyotawanyika pande zote, nasikitika. Manyoya hayo huishikilia isizame, na ikichelewa kuzama inampita samaki juu ya kichwa.

Siri kubwa ya Sawyer ni kwamba hakutumia uzi. Alitumia waya mwembamba wa shaba nyekundu, ambao unafunga, unaongeza uzito, na unang'aa kidogo katikati ya nyuzi za unyoya.

Bana ndoano namba 14 au 16 kwenye jiliwa (namba ikipanda, ndoano inapungua). Zungusha waya kuanzia nyuma ya tundu la ndoano hadi unapoanzia mpindo, kisha rudi mbele ujenge kinundu kidogo mahali pa kifua. Rudisha waya nyuma. Chukua nyuzi nne za unyoya wa mkia wa dume la fezanti (ndege wa jamii ya kuku), zile zenye wekundu wa kutu, uzifunge ncha zikichomoza milimita tatu hivi. Huo ndio mkia. Sasa sokota nyuzi pamoja na waya, taratibu, uzizungushe mbele mpaka kwenye tundu. Unyoya peke yake hukatwa na meno ya trauti mara moja; ukiusokota na waya, unahimili samaki kadhaa. Ukifika mbele zitenganishe nyuzi na waya, peleka waya nyuma ya kinundu, laza nyuzi juu yake uzifunge, zirudishe mbele, ufunge tena. Kifuko cha mabawa kimepatikana. Malizia kwa mafundo ya waya nyuma ya tundu, ukate masalio.

Mwili uwe mwembamba. Wafungaji wapya wanapenda kuongeza nyuzi, ya tano, ya sita, chambo kionekane kimeshiba. Kinanenepa, na maji yanakibeba. Wakati wa kukagua kazi, nimfu nene ndizo ninazozirudisha kwanza.

Mto ukiwa na kina au mkondo mkali, waya pekee hautoshi. Hapo tunavisha shanga ya tangsteni kichwani, ambayo kwa ukubwa uleule ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya shanga ya brasi. Kwa namba 16 mimi huanza na shanga ya milimita 2.5. Ndoano iliyopinda shingoni, yenye shanga ya mpasuo, hutembea ncha ikitazama juu, hivyo hainasi ovyo kwenye mawe.

Mito yetu ya Aberdare na Mlima Kenya ina trauti pia, na nimfu hiyohiyo inafaa huko. Mvua za masika zikitibua maji, tumia ndoano kubwa zaidi, namba 12, na shanga nzito zaidi, uivute karibu na kingo ambako mkondo umepoa.