Kokoto chini ya chungu hazisaidii okidi

"Tanguliza kokoto chini ya chungu, maji yatashuka upesi." Ushauri huu umezoeleka, na hata mimi niliufuata miaka mingi. Kumbe maji hayafanyi hivyo.

Maji hushikiliwa na vinafasi vidogo vilivyomo kwenye udongo au magome yaliyosagika. Yakikuta kokoto zenye nafasi kubwa, hayashuki mpaka tabaka la juu yake liwe chepechepe. Kwa hiyo unyevu hauondoki. Unapandishwa tu, ukasogea karibu na mizizi. Chukua sponji, iloweshe, ilaze bapa kiganjani mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe wima. Itadondosha tena. Ndiyo maana chungu kirefu humwaga maji vizuri kuliko kifupi, na kokoto hukifupisha.

Okidi nyingi za ndani, Phalaenopsis zikiwemo, kwa asili huota juu ya miti, mizizi ikipigwa na upepo. Zipe vipande vikubwa vya magome na chungu chenye matundu kadhaa, ikiwezekana cha plastiki angavu. Mizizi ya kijani bado ina maji. Ikigeuka kijivu cha kung'aa, ina kiu. Hapo peleka chungu kwenye sinki, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kiache dakika 15 kichuruzike.

Kokoto ulizokwisha nunua zitandaze kwenye kisahani, chungu kikae juu yake bila kugusa maji.