Je, wajua kwa nini tone la maji huiharibu chokoleti, na maji zaidi huiponya?

Chokoleti imeyeyuka, laini, inang'aa. Matunda ya msimu yameoshwa yanasubiri kuchovywa. Unachukua stroberi ambayo bado ina unyevu wa kuoshea, unaichovya, kisha ya pili, ya tatu, na mara kile kilichokuwa laini kinageuka tope zito lenye chembechembe, limeng'ang'ania kijiko. Wengi hudhani imeungua. Wala. Imeingia maji.

Ajabu ni kwamba jikoni maji ndiyo hulainisha karibu kila kitu. Mchuzi ukikauka, unaongeza maji. Uji ukiwa mzito, unaongeza maji. Chokoleti hugoma kwa sababu ya kilichomo ndani yake: hata ikiyeyuka, maji yake ni kama asilimia 1 tu. Kinachotiririka pale ni siagi ya kakao, yaani mafuta, na ndani yake zinaelea punje za sukari na kakao zilizosagwa hadi ulimi usizihisi, nyingi zikiwa hazizidi milimita 0.03. Kila punje imepakwa mafuta, basi zinapishana kwa kuteleza.

Tone likiingia, mafuta hulikataa. Lakini maji na sukari ni chanda na pete. Tone huzikimbilia punje za sukari, huziyeyusha juujuu, nazo huvaa shira inayonata, hushikana, na kuzinasa punje za kakao zilizo karibu. Hutaki kuniamini? Weka sukari kavu kwenye kisahani; inamwagika kama mchanga. Idondoshee matone mawili ya maji, koroga: madonge. Ongeza vijiko vichache vya maji ya moto: madonge hayapo tena, una shira.

Basi dawa ndiyo hiyo. Tatizo la chokoleti iliyoganda si maji, ni uchache wa maji. Tia maji ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga. Gramu 60 za chokoleti mara nyingi hutosheka na kijiko kikubwa kimoja, yaani mililita 15, ingawa ile nyeusi yenye kakao nyingi hudai zaidi. Haitarudi kuwa chokoleti ya kukauka na kuvunjika kwa mlio, imeshakuwa rojo. Kwa kuchovya mezani, mimi naona rojo ndiyo bora.

Krimu haileti balaa hilo ingawa zaidi ya nusu yake ni maji, kwa kuwa huingia nyingi kwa mpigo. Pasha mililita 200 hadi ianze kutoa povu pembeni, mimina juu ya gramu 200 za chokoleti iliyokatwakatwa, iache dakika mbili, kisha koroga kuanzia katikati. Rojo hiyo haiogopi hata nanasi au embe linalochuruzika. Chovyachovya humaliza buyu la asali, kwa hiyo pima ya kutosha.

Anayetaka gamba gumu juu ya tunda ndiye mwenye kazi. Afute kila tunda kwa kitambaa hadi likauke, na stroberi aiache nzima na kikonyo chake, maana karibu asilimia 90 yake ni maji, na ukiikata yanatoka. Mwiko wa mbao uliolowa auweke kando. Na bakuli lisifunikwe: mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko, yakadondokea humo humo.